Pazi Akubali Kupimwa

Pazi alikuwa mvuna chumvi. Shamba lake halikuwa na mti wala jani. Lilikuwa majaruba matupu, moja baada ya jingine, nyuma ya mikoko ya Bagamoyo. Bahari ilipojaa sana, wakati wa bamvua, alifungua mlango mdogo wa udongo na maji yakaingia. Kisha aliufunga. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya jua. Jua lilikunywa maji polepole, na chumvi ikabaki chini, nyeupe pe.

Kazi ya namna hiyo humfunza mtu kungoja. Pazi alijua kungoja. Alikaa katika kibanda chake cha makuti, akatazama weupe ule ukitetemeka kwa joto. Mchana ulipokolea, ardhi na mbingu zilishikana. Mtu aliyekuja kutoka mbali alionekana anaelea, hana miguu. Pazi alizipenda saa hizo. Mawazo yalimchukua, naye akaenda nayo.

Mkewe, Adija, alizoea kumtania alipoingia nyumbani.

"Baba Esha, leo umerudi wote, au nusu umeiacha kwenye chumvi?"

"Nusu inakuja nyuma," Pazi alijibu. "Iwekee chakula."

Walikaa Dunda, katika nyumba yenye baraza pana. Watoto wao wanne walikuwa wameondoka nyumbani; wa kwanza, Esha, alikuwa ameolewa Pangani. Pazi alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Hakuumwa kichwa, hakuumwa jino. Alikula vizuri, alikojoa vizuri, alilala kama jiwe.

Jioni nyingi rafiki yake Amin alikuja kukaa naye barazani. Amin alikuwa na duka la vyombo mjini. Yeye na Pazi walisoma Kurani chuo kimoja, na walitahiriwa mwaka mmoja. Babu yake Amin alitoka Arabuni. Babu yake Pazi alikuwa Mdoe wa hapa hapa. Amin rangi ya tende mbivu, Pazi rangi ya kahawa. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo, wao wenyewe wala majirani.

Pazi alikuwa pia na kaka. Jina lake Mwishehe. Alilima mihogo na mananasi Fukayosi. Tangu masika yaliyopita, Mwishehe alikuwa analalamika mgongo.

"Ni jembe," alisema. "Jembe limenichoka, nami nimelichoka."

Alichuliwa kwa mafuta ya nazi. Alikunywa mizizi. Watu walimwambia ni ngiri, naye akakubali, maana hata marehemu baba yao waliambiwa ana ngiri. Mzee yule alifariki akiwa hawezi kukojoa. Watoto wake walikumbuka alivyoteseka, lakini hakuna aliyejua ugonjwa wake kwa jina.

Asubuhi moja Mwishehe alishindwa kusimama. Pazi alikwenda kumchukua kwa gari, akampeleka hospitali. Alipimwa damu, akapigwa picha, akachukuliwa vipimo vingine. Baadaye daktari aliwaita ndugu wote wawili.

"Mzee Mwishehe, mgongo huu si wa jembe," daktari alisema kwa upole. "Una saratani ya tezi dume. Imetoka kwenye tezi, imefika kwenye mifupa ya mgongo."

"Tezi dume ni nini?" Mwishehe aliuliza.

Daktari alikunja ngumi. "Chukulia hiki ni kibofu cha mkojo. Chini yake kuna tezi ndogo, kama ndimu changa. Kila mwanamume anayo. Inatoa majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Mkojo unapita katikati yake. Tezi ikivimba, mkojo unabanwa."

"Mbona mimi mkojo ulitoka vizuri?"

"Saratani huanza kimya. Wakati mwingine mtu haoni dalili yoyote mpaka imefika mbali. Hatuwezi kuiondoa yote sasa, lakini tunaweza kuizuia. Utachomwa sindano za kupunguza homoni za kiume, maana ndizo zinazoilisha. Maumivu yatapungua. Unaweza kuishi nayo muda mzuri, Mungu akipenda."

Kisha daktari alimgeukia Pazi. "Na wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja."

"Umepimwa?"

Pazi alicheka kidogo. "Mimi ni mzima, daktari."

"Kaka yako naye alikuwa mzima," daktari alisema.

Njia nzima ya kurudi, mashamba yalipita dirishani kama picha ukutani. Pazi aliyaona, lakini hakuwamo.

Jioni ile alimweleza Amin habari za kaka yake. Amin alisikitika sana. Kisha akaweka mkono begani kwa rafiki yake.

"Lakini wewe usijitie hofu, bwana. Mjomba wangu kule Maskati alikutwa na ugonjwa huu huu. Alikuwa na miaka sabini. Madaktari walimwambia, hatuukati, tutautazama tu. Wakautazama! Amefariki juzi juzi, ana tisini, na kilichomuua ni kuanguka ngazini. Saratani ya tezi ni kobe. Itaanza leo, ifike lini?"

Maneno hayo yalimlainisha Pazi kama mafuta. Kobe. Aliyabeba mpaka kwenye majaruba. Kila mara daktari alipomjia akilini, alisema moyoni: ni kobe. Nitakwenda chumvi ikishavunwa. Nitakwenda baada ya Ramadhani. Kungoja alikujua, na aliona hapana ubaya kungoja tena.

Mchana mmoja, baada ya sala ya adhuhuri, alijilaza kwenye kibanda chake. Upepo ulikuwa umekatika. Weupe wa nje uliingia hata ndani ya macho yaliyofumbwa.

Akaota. Alikuwa mtoto mdogo, na Mwishehe kijana mwenye nguvu. Mwishehe alikuwa amembeba mgongoni, wanavuka majaruba, na majaruba hayana mwisho. Hakuna upande wa bahari wala upande wa mji. Kila hatua, kitu kilisikika kikivunjika, kwacha, kwacha, kama chumvi kavu chini ya mguu. Pazi alitazama chini. Miguu ya kaka yake ilikuwa haigusi chumvi kabisa. Kilichokuwa kikivunjika ni mgongo.

"Nishushe, kaka," alisema.

"Si mzito wewe," Mwishehe alijibu bila kugeuka.

"Nishushe!"

"Tulia, mdogo wangu. Tunafika."

Pazi aliamka machozi yanamtoka. Nje palikuwa kimya. Alikaa muda mrefu akitazama viganja vyake, kama mtu aliyepewa mikono mipya. Kisha alikusanya vyombo vyake akarudi nyumbani mapema.

Adija alikuwa anachagua mchele. Alimwona mumewe mlangoni, akauweka ungo chini. Hakutania. Pazi alimsimulia ndoto yote. Adija alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijui kuagua ndoto," alisema. "Lakini najua mtu anayejua ugonjwa. Nitamwita Mwaija."

Mwaija alikuwa jirani yao, muuguzi wa hospitali. Ukuta wake na wao ulikuwa mmoja. Alikuja baada ya alasiri, bado amevaa viatu vya kazi. Alimkuta Pazi barazani pamoja na Amin. Adija alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, lakini kila neno alilisikia.

"Hodi jamani. Kaka Amin, shikamoo. Kaka Pazi, shikamoo."

"Marahaba, Mwaija. Karibu kitako."

Mwaija alikaa kwenye mkeka. Aliuliza hali ya Mwishehe, akauliza na ya Esha. Kisha akasema, "Da Adija kaniambia mna kobe hapa barazani."

Amin alicheka. Alieleza habari za mjomba wake.

"Habari hiyo si ya uongo," Mwaija alisema. "Saratani ya tezi dume ina aina. Ipo inayokwenda polepole, na mtu anaweza kuzeeka nayo. Lakini ipo inayokimbia. Kwa nje huwezi kujua ipi ni ipi. Wala huwezi kuchukua ya mtu mmoja ukaipimia ya mwingine."

"Kwa nini ya mjomba wake Amin ilikwenda polepole, na ya kaka yangu ikakimbia?" Pazi aliuliza.

"Kwa mtu mmoja mmoja, pengine ndivyo ilivyotokea tu. Lakini kuna jambo ambalo wataalamu wamelichunguza miaka mingi. Wanaume wenye asili ya Afrika hupata ugonjwa huu zaidi kuliko watu wengine. Wawe hapa kwetu, wawe Marekani, wawe kwenye visiwa vya mbali ambako mababu zao walipelekwa kwa nguvu. Huwapata mapema zaidi. Na mara nyingi huwa mkali zaidi."

Pazi alitazama mkono wake ulioshika kikombe, kisha mkono wa Amin. Miaka yote hii, alikuwa hajawahi kuilinganisha mikono hiyo.

"Ina maana hata saratani inabagua?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Haiijui rangi, kaka Pazi. Ngozi ni nguo ya nje tu. Jambo lenyewe liko ndani. Kila mtu hurithi maagizo madogo madogo kutoka kwa baba na mama. Yanaitwa vinasaba. Ndiyo yaliyokupa wewe pua ya mzee wako. Sasa, baadhi ya maagizo hayo huipa saratani hii nafasi. Wataalamu wameyakuta kwa wingi zaidi katika koo zenye asili ya Afrika. Tena wamezitazama chembe za saratani yenyewe. Zina tabia tofauti kidogo, na kinga ya mwili inapambana nazo kwa namna tofauti kidogo. Hawajamaliza kulielewa. Sisi tunaoishi Afrika hatujachunguzwa vya kutosha."

"Basi ni nasibu iliyokwisha andikwa," Pazi alisema. "Ya nini kupimwa?"

"Subiri, sijamaliza." Mwaija alisogea mbele. "Tofauti ya vifo haiji kwa damu peke yake. Inakuja pia kwa kuchelewa. Hospitali iko mbali, au mtu anaona haya, au anaambiwa ni ngiri. Wamewahi kulinganisha wanaume weusi na wengine waliotibiwa sawasawa, kwa wakati unaofaa. Walikuta wanaishi karibu sawa. Umenielewa? Urithi unaongeza hatari, kaka. Haukati hukumu."

Amin alikohoa. "Kwa hiyo mimi nimesalimika?"

"Hakuna mwanamume aliyesalimika. Na wewe, kaka Amin, bibi yako mzaa baba alikuwa nani?"

Amin alifikiri. "Bi Mwanaharusi. Mzaliwa wa hapa. Mdoe."

"Basi damu yako imekwishachanganyika tangu zamani. Watu wa pwani, nani anaweza kusema damu yake imetoka mahali pamoja?"

"Mimi sasa ni nusu kobe, nusu sungura," Amin alisema. Wakacheka wote, hata Pazi.

Kisha Pazi aliinamisha kichwa. Kulikuwa na jambo alilotaka kuliuliza, na aliona haya. Amin alimsaidia.

"Mwaija, dada yetu, tusamehe. Watu wanasema kupimwa kwenyewe ni kwa... kidole."

"Siku hizi mara nyingi tunaanza na damu," Mwaija alijibu bila kupepesa macho. "Tunachukua damu kidogo mkononi. Kinaitwa kipimo cha PSA. Kikiwa juu, si lazima iwe saratani. Tezi hukua na umri, na maambukizo pia hukipandisha. Ndipo daktari anatazama zaidi. Huenda akapima kwa kidole pia, njia ya haja kubwa. Ni muda mfupi sana, na ni nyuma ya pazia."

Pazi alijikunyata. Hapo sauti ilitoka ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Baba Esha! Mimi nimezaa watoto wanne mbele za watu. Kila mkunga aliingia na mkono wake. Mbona sikufa?"

Amin alicheka mpaka akamwaga kahawa. Pazi naye alicheka, kisha akafuta uso.

"Lini nianze kupimwa?" aliuliza.

"Kwa mwanamume kama wewe, mwenye kaka anayeumwa, na pengine baba pia, madaktari wengi wanashauri kuzungumza nao tangu miaka arobaini. Asiye na ndugu mgonjwa, arobaini na tano hivi. Kipimo kina faida na kina kasoro zake. Daktari atakueleza zote, nawe uamue. Wewe umechelewa kidogo. Lakini kuchelewa kidogo si sawa na kuchelewa kabisa."

Asubuhi iliyofuata Pazi hakwenda kwenye chumvi. Alivaa kanzu safi akaenda hospitali, Amin ubavuni. Wote wawili walitolewa damu.

Majibu ya Amin yalikuwa ya kawaida. Aliambiwa arudi baada ya muda apimwe tena. Kipimo cha Pazi kilikuwa juu.

Daktari alimpima kwa kidole. Kweli kilikuwa kitu cha muda mfupi. Pazi alifumba macho, na kabla hajamaliza kusoma Kulhuwallah, kazi ilikuwa imekwisha. Kisha alipelekwa Dar es Salaam, hospitali kubwa. Huko alipigwa picha ya tezi, akachukuliwa vinyama vidogo kwa sindano ili vitazamwe kwa darubini.

Siku za kungoja majibu zilikuwa siku za ajabu. Pazi alikwenda kwenye majaruba kama kawaida, lakini alitembea kama mtu aliye chini ya maji. Sauti zilimfikia zimepoa. Aliona ndege weupe wamesimama kwenye ukingo, kila mmoja na kivuli chake, na aliwatazama mpaka akasahau kuwa ana jina. Hofu haikuwapo saa hizo. Ilikuja nyumbani, alipoketi kula, alipomwona Adija akimchagulia kipande kizuri cha samaki.

Majibu yalikuja. Adija alikwenda naye.

"Saratani ipo," daktari alisema. "Ni ya aina inayokimbia. Lakini bado imo ndani ya tezi. Haijatoka. Hii tunaweza kuitibu kwa nia ya kuimaliza."

Aliwaeleza njia mbili. Moja ni upasuaji, kuiondoa tezi yote. Nyingine ni mionzi, kuichoma humo humo. Aliwaeleza pia ukweli wa baadaye. Baada ya upasuaji mkojo huweza kuvuja kwa muda. Nguvu za kiume zinaweza kupungua, kwa wengine zisirudi kama zamani.

Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi chini ya ukuta. Magari yalipita barabarani. Pazi alitazama viatu vyake.

"Umesikia alivyosema, Mama Esha. Habari ya nguvu."

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

Adija alimvuta kofia kidogo, akaiweka sawa kichwani. "Mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na tezi."

Pazi alichagua upasuaji. Kabla ya kulazwa, alikwenda Fukayosi kumpa habari kaka yake. Mwishehe alikuwa ameanza sindano. Maumivu yalikuwa yamepungua, na aliweza kukaa kitini mlangoni na kuwasemesha kuku. Pazi alimwamkia, akamweleza. Aliogopa kumwongezea huzuni.

Mwishehe alifunika uso kwa kitambaa. Mabega yalitikisika.

"Usilie, kaka."

"Niache nilie. Nilidhani ugonjwa huu umenijia bure. Nimelala hapa nauliza, ya Rabi, kwa nini mimi? Kumbe ulikuwa unakuamsha wewe." Alishusha kitambaa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalicheka. "Nenda wakukate, mdogo wangu. Na uniitie Ibrahimu. Mtoto wangu ana miaka arobaini na mbili, na anajiona simba. Aje apimwe huyo simba."

Siku ya upasuaji Pazi alichomwa sindano ya mgongo na nyingine ya usingizi. Taa za juu zilianza kuogelea. Alisikia watu wakizungumza, laini, mbali, kama majirani nyuma ya ukuta. Alihisi yuko mahali pazuri pasipo na joto wala baridi. Hakuota chochote. Alipofumbua macho, Adija alikuwa amelala amekaa, mkono wake juu ya shuka la mumewe.

Tezi iliondolewa yote. Ilipochunguzwa, saratani ilikuwa haijavuka ukingo wake. Lakini mateso madogo yalibaki. Mpira wa mkojo ulipotolewa, mkojo ulivuja. Alivuja akikohoa, akiinuka, akicheka. Alivaa kitambaa cha ndani kama mtoto. Mwili wake ulimsaliti mbele ya sala, jambo alilolipenda kuliko yote. Hakwenda tena msikitini.

"Nitasalije?" alimwambia Adija. "Natawadha, nafika mlangoni, udhu umekwisha."

Adija hakubishana naye. Alimtumia salamu Sheikh Msabaha, imamu wa msikiti wao. Sheikh alikuja mwenyewe, akaketi karibu na kitanda.

"Pazi, nani kakuambia dini imekufungia mlango? Wewe ni mwenye udhuru. Unajisitiri vizuri. Wakati wa sala ukiingia, unatawadha, unasali. Kikitoka kitu bila kupenda kwako, sala yako ni sala. Wakati mwingine ukiingia, unatawadha tena, mpaka siku kitakapokoma kutoka. Basi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Uje Ijumaa. Nafasi yako haijakaliwa."

Mwaija naye alimfundisha mazoezi. Alimwambia akaze misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, ahesabu polepole, kisha aachie. Afanye asubuhi, mchana na jioni, kila siku. Pazi alifanya kitandani, kisha barazani, kisha kwenye majaruba alipopata nguvu za kurudi. Mtu aliyempita njiani hakujua kuwa yule anayeitazama chumvi kwa utulivu yumo kazini.

Mvua za vuli zilikuja zikaenda. Damu ya Pazi ilipopimwa tena, kile kipimo kilikuwa kimeshuka mpaka mashine haikukiona. Daktari alisema ataendelea kumpima, lakini alisema huku anatabasamu. Yule simba, Ibrahimu, alikuja kutoka Fukayosi akapimwa. Alikuwa salama. Alipewa tarehe ya kurudi, na safari hii alikwenda na wenzake watatu wa kijijini. Mwishehe aliendelea na sindano zake. Hakupona, na hakuna aliyemdanganya kuwa atapona. Lakini alitembea kwa fimbo mpaka shambani, akakaa kivulini akiwaelekeza wanawe pa kupanda.

Kati ya Pazi na Adija kulikuwa na mengine yaliyorudi polepole na mengine yaliyobadilika. Waliyazungumza wao wawili, na wakati mwingine walicheka sana.

Siku moja Pazi alisali adhuhuri msikitini, kisha akabaki. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha, na jamvi lilikuwa na ubaridi mzuri. Aliegemea nguzo. Amin aliketi karibu naye, akimsimulia kichekesho cha mteja aliyerudisha sufuria. Pazi alicheka. Alikohoa. Alinyanyuka kumpisha mtu, akaketi tena. Matone yaligonga bati, na sauti ya Amin ikaenda mbali ikarudi, ikaenda ikarudi. Alisinzia hivyo hivyo ameketi imara, akaamka, akasinzia tena.

Adhana ya alasiri ikapigwa.

Watu waliinuka kwenda kwenye mabomba. Amin aliinuka pia, akakunja mikono ya kanzu. Alifika mlangoni, akaona hafuatwi. Akageuka.

"Bwana, huji kutawadha?"

Pazi alikuwa amesimama pale pale, mkono mmoja juu ya nguzo. Alikuwa anausikiliza mwili wake. Alijigusa nguo. Alisikiliza tena, kwa makini, kama mtu asiyeamini habari njema. Palikuwa pakavu.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi udhu ninao."

Akasogea taratibu mpaka safu ya mbele, akasimama mahali pake.